Mtoto Anayetapika kwa Nguvu

Mtoto wa wiki 3 hadi 6 akitapika maziwa yakaruka mbali, kisha akalia njaa tena, tusiseme ni jicho la watu. Huenda njia ya kutokea mfuko wa chakula imebanwa na msuli ulionenepa. Maziwa hayapiti kwenda utumboni. Mtoto hukonda na mkojo hupungua.

Dawa ya kienyeji haifungui njia hiyo. Tumpeleke hospitali upesi. Daktari atampapasa tumbo au atampima kwa ultrasaundi. Kwanza atatundikiwa dripu arudishiwe maji na chumvi. Halafu atapasuliwa, msuli uchanwe kidogo. Wengi hupona kabisa.

Akitapika rangi ya kijani, hiyo ni hatari nyingine. Twende saa hiyo hiyo, tusingoje kesho.