VVU na Aneurisimu za Ubongo

Katika vitabu vingi mada ya VVU huishia kwenye seli za CD4 na magonjwa nyemelezi. Lakini virusi hivi huathiri hata mishipa ya damu, na hapo mtahini anaweza kuunganisha mada mbili katika swali moja.

Anza na ateri. Ukuta wake una tabaka tatu, na la kati lina misuli pamoja na nyuzi zinazonyumbuka. Nyuzi hizo huuwezesha ukuta kutanuka moyo unaposukuma damu, kisha kurudi. Zikiharibika, msukumo wa damu huituna sehemu hiyo, kama tyubu ya baiskeli inavyotoka nundu mahali palipochakaa. Nundu hiyo ndiyo aneurisimu.

Virusi vyenyewe havitoboi mshipa. Ukiandika hivyo utapoteza alama. Mwili unaopambana navyo kwa miaka mingi bila dawa hubaki na mchochota, na mchochota huo hudhoofisha ukuta wa ateri. CD4 zikishuka chini ya 200 kwa milimita moja ya ujazo ya damu, vimelea vingine, kama virusi vya tetekuwanga, hupata nafasi ya kushambulia ukuta huohuo.

Tatizo hili ni nadra. Chanzo kikuu cha kiharusi bado ni shinikizo la juu la damu. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionesha kiwango cha VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Kwa hiyo daktari wa Nyanda za Juu Kusini hana budi kulifikiria.

Aneurisimu ikipasuka, mgonjwa hupata ghafla maumivu makali ya kichwa, hutapika, shingo hukakamaa na huweza kuzimia. Dalili hizi hufanana na za homa ya uti wa mgongo, ambayo nayo huwapata wenye kinga dhaifu, ndiyo maana picha ya CT ya kichwa huhitajika.

Dawa za ARV, zinazotolewa bure nchini tangu 2004, hupunguza virusi, na mchochota hupungua pia.

Swali: Mtu wa Mafinga mwenye VVU aliacha ARV miaka mitatu iliyopita. Eleza, kwa hatua nne, jinsi ateri ya ubongo wake inavyoweza kutuna. (Alama 8)