Mzinga wa Kenya na Siri ya Milimita 32
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulitazama mzinga wa gogo. Kasoro yake kubwa ni kwamba masega hushikamana na kuta, na mrinaji hana budi kuyakata. Majana nayo huangamia.

Mchungaji wa Marekani, Lorenzo Langstroth, ndiye aliyefumbua fumbo hilo. Mwaka 1851 alitambua kwamba nyuki wakiachiwa upenyo wa milimita 6 hadi 9 hivi, hawajengi sega humo wala hawauzibi kwa gundi yao. Huufanya njia ya kupita. Akatundika masega kwenye fremu zilizozungukwa na upenyo huo, na mwaka 1852 akapewa hataza. Mzinga wake ni mzuri sana, lakini una vipande vingi na gharama yake si ndogo.

Wagiriki walikuwa na njia nyepesi zaidi. Msafiri Mwingereza, George Wheler, aliandika mwaka 1682 kuhusu vikapu vyao vipana juu, vyembamba chini, vilivyofunikwa kwa vipande vya mti. Kila kipande kilibeba sega lake. Wazo hilo ndilo lililofufuliwa nchini Kenya mapema miaka ya 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada walipofanya kazi na serikali yetu. Ukazaliwa mzinga unaojulikana duniani kote kwa jina la Kenya. Hilo ni jambo la kujivunia.

Hauna fremu. Kuta zake zimelala kiubavu, kwa hiyo nyuki ni nadra kugandisha sega ubavuni. Juu hupangwa mabanzi yanayogusana, na kila banzi lina upana wa milimita 32, kwa kuwa nyuki wetu wa Afrika huacha takriban nafasi hiyo kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Nyuki wa Ulaya huhitaji kama 35. Seremala akipasua banzi pana au jembamba kupita kipimo, sega huanza kwenye banzi hili na kuishia kwenye lile, na tumerudi kwenye gogo!

Kwa mfugaji wa nyuki wa huku kwetu Magunga na vilima vya Gwassi, naupendelea mzinga huu. Fundi wa mtaani anaumudu, unaning'inizwa kwa waya nyegere asiufikie, na kila mavuno hutoa nta pamoja na asali. Ila kabla hujamlipa fundi, shika rula, upime banzi moja baada ya jingine. Lisilotimiza kipimo, lirudishe.