Picha za Familia Yako Zimelala Wapi?

Ndugu msomaji, kabla hujamaliza chai yako ya Jumapili, hebu jiulize swali moja. Kompyuta iliyoko nyumbani kwako ikikataa kuwaka kesho asubuhi, utapoteza nini? Pengine ni picha za arusi, pengine sauti ya marehemu babu akisimulia nasaba ya ukoo, au hesabu za duka za miaka mitano. Kompyuta yenyewe hununuliwa nyingine. Sauti ya babu haiuzwi popote.

Wako wanaodhani kuwa maafa ya namna hii huwapata wasiojua kompyuta tu. Sivyo. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar, huko California nchini Marekani, ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Siku moja amri ya kufuta mafaili ilitolewa kimakosa katika mashine iliyohifadhi kazi hiyo. Oren Jacob, mmoja wa wakuu wa ufundi, alikuwa akitazama mafaili ya mhusika Woody, mara akaona yanatoweka mbele ya macho yake. Wakapiga simu haraka mashine ichomolewe umeme, lakini sehemu kubwa mno ya filamu ilikuwa imekwisha futika.

Utauliza, kampuni kubwa kama ile ilikosaje nakala za akiba? Haikukosa. Kanda za akiba zilikuwapo. Kasoro ni kwamba hakuna aliyekuwa akizijaribu kuona kama zinasomeka, na siku zilipohitajiwa zikaonekana hazifai. Hapo ndipo Galyn Susman, msimamizi wa ufundi wa filamu hiyo, alipokumbuka kompyuta ya nyumbani kwake. Alikuwa amejifungua, na nakala ya filamu ilikuwa ikipelekwa kwake ili afanye kazi huku akimlea mwanawe. Kompyuta ile ilifungwa kwa mablanketi, ikalazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, ikaendeshwa polepole hadi kazini. Filamu ilitoka Novemba 1999. (Ajabu ni kwamba baadaye hadithi yake ilisukwa upya, na sehemu kubwa ya kazi iliyookolewa ikafanywa tena, lakini hilo waliliamua wenyewe.)

Sasa turudi nyumbani kwako. Wengi wetu hunakili picha kutoka sehemu moja ya kompyuta hadi nyingine, tukaridhika. Hiyo si akiba, maadam diski ikifa nakala zote mbili hufa pamoja. Wengine hutegemea flashi, kitu kidogo kinachofuliwa pamoja na suruali. Mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh, alieneza kanuni nyepesi: uwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Hiyo ya mbali ndiyo tunayoipuuza, ilhali mwizi abebaye kompyuta hataiacha diski iliyo kando yake, na moto hauchagui. Mpe shangazi akutunzie diski moja, au utumie hifadhi ya mtandaoni. Lakini fahamu kwamba huduma nyingine za mtandaoni huiga tu yaliyomo katika kompyuta yako: ukifuta huku, na kule hufutika.

Aidha, usiiache diski ya akiba imechomekwa usiku na mchana. Mwezi Mei 2017 programu ya kihalifu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150, ikiyafunga mafaili ya watu na kuwadai dola 300 za kuyafungulia. Programu za aina hiyo hufunga na yaliyomo katika diski inayozikuta imeunganishwa. Nakili, kisha chomoa, uweke kabatini.

Ni kazi ya jioni moja, nayo hurudiwa kila mwezi. Mwandishi huyu huifanya baada ya kulipa kodi ya nyumba ili asiisahau. Ukimaliza, ichukue diski hiyo kwa jirani mwenye kompyuta, uichomeke, ufungue picha tatu. Mojawapo iwe ya zamani kuliko zote ulizo nazo.