Tetemeko la Ardhi Halipigi Mbiu

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Machi 1966, wananchi wa Toro na Bwamba waliamshwa na ardhi yenyewe. Nyumba ziliwaangukia waliolala, na katika pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kongo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Mwezi wa Februari 1994 ardhi ilitikisika tena Kisomoro, karibu na Fort Portal. Tarehe 10 Septemba 2016 zamu ikawa ya Bukoba, nchini Tanzania, na tetemeko hilo lenye ukubwa wa 5.9 likahisika hata kwetu Uganda.

Kila askari anajua kwamba ulinzi huanza kwa kupeleleza. Je, adui huyu hukaa wapi?

Hukaa katika mipasuko ya Bonde la Ufa la magharibi, linalopita Ziwa Albert, bonde la Semliki na Ziwa Edward, na kuendelea kusini. Mpasuko ni mahali ambapo mwamba umekatika, na pande zake mbili husukumana polepole kwa miaka mingi, kisha huteleza kwa ghafula. Mlima Rwenzori, wenye urefu wa meta 5,109, si volkano. Ni pande la mwamba lililoinuliwa kati ya mipasuko hiyo. Hata asiye mtaalamu anaweza kuziona dalili zake: genge refu lililonyooka, na chini yake chemchemi za maji ya moto. Ndivyo ilivyo Sempaya, ambako wageni huchemsha mayai, na Kibiro, ambako akina mama wamepika chumvi kwa vizazi vingi.

Kazi ya kupima hufanywa na mitambo. Ofisi ya serikali ya jiolojia na madini iko Entebbe, na kituo cha Mbarara kimeunganishwa na mtandao wa vituo vya dunia nzima. Mtikisiko husafiri kwa mawimbi ya aina mbili. La kwanza ni jepesi na la haraka. La pili huchelewa, nalo ndilo litikisalo kwa nguvu. Ukihesabu sekunde zilizo kati yao na kuzidisha kwa 8, utapata umbali kwa kilometa, kwa kukadiria. Sekunde 10 ni kama kilometa 80. Kituo kimoja hujua umbali tu. Vituo vitatu hupata mahali penyewe. Siku hizi habari hizo hutangazwa kwenye intaneti baada ya muda mfupi.

Lakini mtambo hauoni ukuta uliopasuka nyumbani kwako. Hapo shahidi ni wewe. Wazee wetu walilijua jambo hili: huko Buganda mtoto aliyezaliwa wakati wa tetemeko aliitwa Musisi, na jina lake likawa kumbukumbu ya siku ile. Sisi tuna kalamu. Kila jamaa, ama mjini, ama kijijini, ama kambini, iweke daftari moja. Andikeni tarehe, saa kamili, mahali, muda wa mtikisiko, na yaliyotokea: je, vyombo vililia tu, au matofali yalianguka? Kisha pelekeni habari kwa mkuu wa mtaa au kituo cha polisi. Taarifa kama hizo, zikikusanywa, huwaonyesha wataalamu ni ardhi ipi hutikisika zaidi, na wapi shule na nyumba za askari zijengwe kwa uangalifu.

Jihadharini na uvumi. Hakuna mtu wala mtambo uwezao kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo. Lililo hakika ni kwamba baada ya tetemeko kubwa madogo hufuata. Basi msirudi kulala katika nyumba iliyopasuka kabla haijakaguliwa.

Ndugu msomaji, tetemeko halipigi mbiu, bali huacha nyayo. Tuzifuate na kuziandika, ili watoto wetu wasijenge juu yake bila kujua.