Vita vya diski: Kutangulia sokoni si kusalia

FAHALI wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Ndivyo ilivyokuwa kati ya mwaka wa 2006 na 2008, kampuni kubwa za elektroniki zilipopigania haki ya kuamua diski ambayo ingerithi DVD. Wateja waliokuwa wamenunua deki na filamu za upande ulioshindwa walibaki na bidhaa ambazo hakuna aliyezitengeneza tena.

Upande mmoja ulikuwa HD DVD, iliyoongozwa na Toshiba ya Japani. Wa pili ulikuwa Blu-ray, iliyotetewa na Sony, Panasonic, Philips na washirika wao. Kwa macho, diski hizo zilifanana. Zote zilikuwa na kipenyo cha sentimita 12, sawa na CD iliyoingia sokoni mwaka wa 1982 na DVD iliyoifuata mwaka wa 1996. Hata hivyo, deki ya upande mmoja haikusoma diski ya upande wa pili.

Diski za aina hii huhifadhi habari kwa alama ndogo mno zinazosomwa kwa mwale wa leza. Kadiri wimbi la mwale huo linavyokuwa fupi, ndivyo alama zinavyoweza kubanana na diski kubeba mengi zaidi. Leza ya CD ina wimbi la nanomita 780, na diski hiyo hubeba takriban megabaiti 700. DVD hutumia nanomita 650 na kubeba gigabaiti 4.7 katika tabaka moja. HD DVD na Blu-ray zote zilitumia leza ya nanomita 405, yenye rangi ya samawati inayokaribia urujuani.

Zilipotengana ni katika kina. Tabaka la habari la HD DVD lilikuwa milimita 0.6 chini ya uso wa diski, kama lile la DVD, hivyo viwanda vilivyokuwepo viliweza kuitengeneza bila mageuzi makubwa. Blu-ray ililisogeza hadi milimita 0.1 kutoka juu. Kwa njia hiyo ilibeba gigabaiti 25 katika tabaka moja, dhidi ya 15 za mpinzani wake, lakini ilihitaji mitambo mipya.

HD DVD ndiyo iliyotangulia sokoni, nchini Japani mnamo Machi 2006, na deki zake zilikuwa za bei nafuu. Mbona basi ikashindwa?

Jibu liko kwa washirika. Mnamo Novemba 2006, Sony ilizindua PlayStation 3 ikiwa na uwezo wa kusoma Blu-ray ndani yake. Microsoft, iliyounga mkono HD DVD, iliuza kifaa cha kuisoma kando na Xbox 360. Hivyo Blu-ray iliingia katika nyumba za watu walionunua mtambo wa michezo tu. Kisha Januari 4, 2008, kampuni ya filamu ya Warner Bros, ambayo ilikuwa ikitoa kazi zake kwa diski zote mbili, ilitangaza kwamba ingebaki na Blu-ray pekee. Februari 19 mwaka huo, Toshiba ilisalimu amri.

Sony ilikuwa imeonja machungu hayo awali. Kanda zake za Betamax, zilizozinduliwa mwaka wa 1975, zilisifiwa kwa ubora wa picha, lakini za kwanza zilirekodi kwa saa moja tu. VHS ya kampuni ya JVC, iliyokuja mwaka wa 1976, ilirekodi kwa saa mbili, na watengenezaji wengi wakaruhusiwa kuiunda. Ikatwaa soko.

Hata mshindi hana raha ya milele. Kampuni ya Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta nchini Marekani, ilianza kuonyesha filamu kupitia intaneti mwaka wa 2007 na ikaacha kutuma diski mnamo Septemba 2023. Sony nayo ilikoma kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia mnamo Februari 2025, ingawa filamu bado huuzwa kwa diski hizo.

Funzo lipo hata kwa familia za Kenya zilizohifadhi harusi, mahafali na mazishi katika kanda za VHS, kisha katika DVD. Diski iliyorekodiwa dukani haifanani na iliyochapwa kiwandani: alama zake zimo katika tabaka la rangi ambalo huharibiwa na joto, jua na unyevu. Tarakilishi nyingi za sasa hazina mahali pa kutia diski, nazo deki za VHS zilikoma kutengenezwa mwaka wa 2016.

Kwa hivyo ni busara kunakili picha hizo mapema, nakala moja katika diski kuu ya nje na nyingine mahali tofauti, deki ingali inafanya kazi. Kanda inaweza kuwa nzima kabatini, lakini bila mtambo wa kuisoma, sauti ya marehemu babu iliyomo haitasikika tena.