Kusafirisha Gari la Shamba kwa Salama



Baadhi yenu mmetuuliza habari za magari madogo ya shamba, yale ya magurudumu manne yenye sanduku la mizigo nyuma, yapitayo njia za matope zisizopitika kwa lori. Kwa mwenye mikarafuu juu ya vilima vya Pemba, gari kama hili huokoa vichwa na migongo siku za mavuno. Lakini halikufanywa kwa safari ndefu za barabarani. Hupakiwa juu ya lori au tela, na pengine huvushwa bahari kutoka Unguja. Ni katika kuchukuliwa huko ndiko watu wanakoumia.

Sisi wenyewe tumekwisha pata funzo. Gari la wenzetu watatu waliochanga fedha lilipakiwa juu ya lori, likafungwa kwa kamba za usumba. Katika mteremko dereva alishika breki ghafula. Kamba zikanyooka, gari likasogea likagonga ubao wa mbele. Kijana aliyekuwa amekaa ndani yake alivunjika mkono. Sote tulimwona akipanda, wala hapana aliyemkataza.

Sababu ya mambo haya ni nyepesi kufahamu. Mengi katika magari hayo yana uzito wa baina ya kilo 500 na 900. Lori likisimama ghafula, mzigo hutaka kuendelea na safari. Wataalamu wa Ulaya huhesabu kwamba ufungaji uweze kuzuia nguvu ya mbele iliyo sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Basi gari la kilo 700 litasukuma mbele kwa nguvu ya kilo 560. Kamba inyookayo haifai kwa kazi hiyo. Tumia mikanda ya kukazia kwa meno, au minyororo. Soma kitambaa kilichoshonwa katika mkanda: kinataja uzito ulioruhusiwa, nao ni mdogo kuliko uzito wa kuukata. Fuata huo mdogo. Mkanda uliochanika utupwe.

Kupakia kuna hatari yake. Mbao za kupandia zifungwe barabara kwenye lori, kwani gurudumu likisukuma, ubao usiofungwa huteleza nyuma na gari huanguka. Ukipata ukingo wa udongo ulio sawa na kitanda cha lori, ni bora zaidi. Panda polepole kwa gia nzito, na mtu asisimame nyuma. Kama ni tela, liwe limekwisha fungwa kwenye gari la kulivuta kabla ya kupakia. Uzito uelekee mbele ya ekseli kidogo, kama sehemu 60 katika 100. Tela lililolemewa nyuma huyumba njiani.

Gari likiisha kaa mahali pake, vuta breki ya mkono, tia gia ya kuegeshea, na weka kabari kwenye magurudumu. Kisha funga pembe zote nne: mikanda ya mbele ivute mbele, ya nyuma ivute nyuma. Ishikwe kwenye chesisi, si kwenye nguzo za paa wala bampa. Penye makali weka kipande cha gunia. Ondoa madebe, pakacha na ngazi, na mtu yeyote asipande ndani yake. Baada ya kilomita kumi hivi simameni mkaze tena, maana mikanda hulegea gari linapokaa vizuri.

Baharini mambo huzidi, kwa kuwa chombo hulala huku na huku kwa saa nyingi, na mkondo wa Nungwi twaujua sote. Acha petroli kidogo tu katika tangi, fungua waya wa betri, na waulize mabaharia wapi pa kufunga. Mtajie nahodha uzito wa kweli wala usiupunguze. Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander I, iliyotoka Unguja kuja Pemba, ilizama upande wa Nungwi ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakapotea. Ukiambiwa chombo kimejaa, ngoja kingine.

Mkifika, hakikisheni breki ingali imeshika kabla ya kulegeza mkanda wa kwanza.

Tunajua karafuu hazingoji. Zikipita wakati wake hufunguka maua. Lakini kufunga gari vizuri ni kazi ya nusu saa, na mkono uliovunjika hauchumi karafuu msimu mzima. Tafadhali wasomeeni na madereva wenu maneno haya.