Roho za Walio Zamu

Mwishoni mwa Novemba 2000, wauguzi wa Hospitali ya St. Mary's Lacor, karibu na mji wa Gulu kaskazini mwa Uganda, walifika mahali wakasema basi. Ebola ilikuwa imethibitishwa katikati ya Oktoba, na tangu hapo walikuwa wakipoteza wenzao mmoja baada ya mwingine. Wodi ya waliotengwa iliendeshwa na wafanyakazi waliojitolea, na hao hao waliojitolea ndio waliokuwa wakifa.

Msimamizi wa hospitali, Dakta Matthew Lukwiya, alikaa nao kikao. Alikuwa amekatiza masomo yake Chuo Kikuu cha Makerere baada ya kupigiwa simu kuhusu vifo visivyoeleweka. Wauguzi walimjua vizuri. Ijumaa Kuu ya 1989, waasi walipokuja kuwateka masista, yeye ndiye aliyejitoa achukuliwe badala yao, akazungushwa porini wiki nzima akiwa na gauni lake la udaktari. Katika kikao hicho cha 2000 aliwaambia kwamba anayetaka kuondoka yuko huru kuondoka. Yeye angebaki, hata akibaki peke yake. Kazi ikaendelea. Tarehe 5 Desemba Lukwiya mwenyewe alifariki kwa Ebola. Mlipuko huo ulipotangazwa kwisha mwaka uliofuata, watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamepoteza maisha, wakiwemo wafanyakazi zaidi ya kumi wa Lacor.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha shujaa, na ni haki yake. Lakini anayetaka kuelewa afya ya kiroho ya wahudumu wa afya afadhali awatazame zaidi wale wauguzi waliosema basi. Lacor ilianzishwa na wamisionari wa Komboni mwaka 1959. Sala haikuwa ngeni pale, na hakuna sababu ya kudhani kwamba walipungukiwa imani. Walielemewa na hofu, na misiba iliyofuatana bila nafasi ya kuomboleza. Siku ile walipata mahali pa kuisema hofu hiyo bila kuitwa wasaliti, na mkubwa wao alikuwa mtu anayeingia wodi ile ile waliyoiogopa.

Watu wengi wakisikia "afya ya kiroho" hufikiria ibada tu. Ibada imo, na kwa wahudumu wengi wa Afrika Mashariki ndiyo nguzo. Ila jambo lenyewe ni pana zaidi: mtu kuiona kazi yake ina maana, kuwa na wenzake wa kumbeba, na kulala na dhamiri iliyotulia. Mwingereza Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967 akifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Mafundisho hayo yalimlenga mgonjwa. Dunia ilichelewa mno kukumbuka kwamba anayekaa kando ya kitanda naye anazo pande hizo hizo.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika kuhusu watu waliojitolea katika zahanati za bure, ambao baada ya muda walibaki kama maganda: mwili upo, moyo umekwisha. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019, linautaja uchovu huo kuwa jambo litokanalo na kazi, wala si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi lolote la maana. Hiyo ya pili ndiyo mgonjwa huiona kwanza. Mama aliyeingia hospitali akiwa na jina lake anageuka kuwa "kitanda namba saba", na swali lake linajibiwa na mgongo wa nesi. Ndugu husema nesi huyu ana roho mbaya. Mara nyingine ni roho iliyochoka.

Kuna jeraha jingine ambalo likizo hailiponyi. Mtaalamu wa maadili Andrew Jameton alilieleza mwaka 1984 akiwazungumzia wauguzi: mtu anajua kabisa lililo sahihi kutendwa, lakini mazingira ya kazi yanamzuia kulitenda. Mkunga yuko peke yake zamu ya usiku na kina mama wawili wanajifungua kwa wakati mmoja. Daktari anaandika dawa akijua duka la hospitali halina, na ndugu hawana hela ya kwenda kuinunua nje. Kumwambia mtu huyu apumue taratibu na afanye mazoezi ni kama kumfuta jasho aliyebebeshwa gunia bila kumtua.

Hofu ya kuomba msaada nayo inaua. Dakta Lorna Breen, aliyeongoza idara ya dharura katika hospitali moja ya New York, alijiua Aprili 2020, wimbi la kwanza la korona likiwa limepamba moto. Familia yake ilieleza kwamba aliogopa kupoteza leseni ikijulikana ametibiwa afya ya akili. Machi 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, ya kugharamia programu za kuwalinda wahudumu wa afya. Huku kwetu kinachowatisha wengi ni maneno ya kantini: fulani hawezi kazi.

Baadhi ya hospitali zimetafuta njia. Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995, aliandika jinsi upole mdogo mdogo wa wahudumu ulivyomfanya aweze kustahimili. Kituo kilichoanzishwa kwa jina lake kilibuni vikao ambamo madaktari, wauguzi, hata wafagizi, hukaa pamoja kuzungumzia jinsi kesi fulani ilivyowagusa. Hakuna anayetafuta aliyekosea. Katika Chuo Kikuu cha Virginia, muuguzi wa dharura Jonathan Bartels alianzisha desturi nyepesi zaidi: mgonjwa akifariki, timu nzima husimama kimya kwa muda usiozidi dakika moja kumheshimu aliyeondoka na jitihada zilizofanyika, kila mtu kwa imani yake. Haihitaji bajeti wala kibali cha wizara.

Hospitali nyingi za mashirika ya dini Afrika Mashariki zina mwanzo mzuri tayari. Siku huanza kwa sala, ndipo ifuate ripoti ya asubuhi. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, iliyofunguliwa 1971, imekuwa pia mahali pa kuwafundisha wachungaji huduma ya kiroho hospitalini. Hospitali za serikali nazo hazikosi Waislamu na Wakristo wanaoiba dakika chache za swala au sala katikati ya zamu. Tatizo huanza pale imani inapogeuzwa kuwa jibu la mkubwa wa kazi. Muuguzi analalamika kwamba amefanya zamu mfululizo, anaambiwa avumilie, ujira wake uko mbinguni. Mbinguni upo, bila shaka, lakini ratiba ya zamu hupangwa na matron.

Pengine hapo pa ripoti ya asubuhi ndipo pa kuanzia. Leo ripoti hiyo huhesabu waliolazwa, waliojifungua na waliofariki, kisha daktari wa zamu hujitetea kwa kila kifo. Ingechukua dakika tatu kuuliza pia nani alikuwa na mgonjwa alipokata roho, mhudumu huyo amekwenda nyumbani na nani, na kama anapaswa kurudi usiku huu.